Mtaa Unamwita Binamu: Mzee wa Ifakara, Tezi Dume na Mapenzi Yasiyotajwa

Ukitaka kuwachekesha wanaume wa kijiweni Ifakara, taja tezi dume. Wala huhitaji kumaliza sentensi. Mmoja atainua kidole, mwingine ataapa bora afe na mkojo wake tumboni, wa tatu atauliza kama dokta mwenyewe ana mkono mnene, na kahawa itamwagika kwa kicheko. Utani huo ni wa Bongo nzima, si wa Ifakara peke yake. Ukiuchimba unakuta kitu kimoja tu: woga kwamba ukipimwa pale kwa kidole, hata na daktari, uanaume wako umepungua. Yaani mtu yuko tayari kufa kuliko kufananishwa na shoga kwa sekunde kumi.

Sasa kwenye kijiwe kimoja alikuwepo mzee aliyecheka kuliko wote. Hapa anaitwa Mzee tu, inatosha. Umri sitini na kitu, mtu wa mpunga: ananunua magunia kwa wakulima, anakoboa, anapakia mchele kwenye fuso kwenda Dar. Aliwahi kuoa, ndoa ikafa zamani, ana binti mkubwa anayeishi Morogoro mjini. Nyumbani kwake anaishi na mwanaume mwingine, mdogo kwake kwa miaka kama kumi na miwili, ambaye mtaa mzima unamwita Binamu.

Mzee ni Mpogoro. Binamu ni mtu wa Tanga. Binamu kwa upande upi? Mtaa haukuwahi kuuliza, na hiyo ndiyo adabu ya miji midogo: watu wanajua mengi kuliko wanayosema. Miaka ishirini na moja imepita hivyo hivyo.

Kwa wasiolijua bonde la Kilombero, kuna jambo linalohitaji kuelezwa. Mvua zikikolea, watu wengi wanahamia shamba, kwa sababu mpunga hauachwi peke yake. Alfajiri na jioni kuna kweleakwelea, usiku kuna nguruwe pori. Unajenga dungu, unabeba sufuria na chandarua, unakaa huko mpaka mavuno. Mzee na Binamu wana shamba ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Zamani walikuwa wanasubiri kivuko na magunia yao, siku hizi wanapita juu ya Daraja la Magufuli kwa bodaboda. Kule shambani hakuna anayeshangaa wanaume wawili kulala dungu moja, maana ndege hawalindwi na mtu mmoja. Wanaowajua wanasema miezi ile ya shamba ndiyo ilikuwa ndoa yao. Mjini walikuwa wapangaji wa nyumba moja.

Na mjini walikuwa makini kweli. Ifakara dunia inaijua kwa mbu. Taasisi ya Afya ya Ifakara ilianza kama maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950, na kwa miaka mingi wadodosaji wa malaria wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali jepesi kabisa: nani alilala chini ya chandarua usiku wa kuamkia leo, na kipi? Kwa wengine ni swali la mbu. Kwenye nyumba ile lilikuwa swali la jela. Kwa hiyo kulikuwa na vyumba viwili, vitanda viwili na vyandarua viwili vimetundikwa vizuri, kimoja kikiwa hakijawahi kukunjuliwa.

Ilianza na mkojo. Kuamka mara tano usiku, kusimama chooni muda mrefu, matone. Mzee akasema ni kisukari, halafu akasema ni kichocho cha utotoni, halafu akanunua dawa ya mizizi sokoni ya "kusafisha kibofu". Mgongo ukaanza kuuma, akalaumu magunia. Binamu akamwambia twende hospitali. Akamwambia tena. Miezi ikaenda.

Kilichomzuia Mzee hakikuwa kile kilichowazuia wenzake. Wao waliogopa kidole kisije kikawafanya waonekane kama yeye. Yeye aliogopa kidole kisije kikamwonyesha. Aliamini kabisa kwamba daktari akivaa glavu na kumgusa, atajua, na akijua atasema.

Ungependa kucheka hapo, ila subiri kidogo. Woga huo haukutoka hewani. Afrika Mashariki glavu ile imeshatumika kama pingu. Kenya, wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015 walilazimishwa kupimwa njia ya haja kubwa ili upatikane "ushahidi", mpaka Mahakama ya Rufani ya Mombasa ilipotamka mwezi Machi 2018 kwamba vipimo hivyo vilivunja sheria. Kwa Tanzania, ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza wanaume waliofanyiwa jambo hilohilo baada ya kukamatwa. Kitabibu kipimo chenyewe hakithibitishi chochote. Lakini mzee wa mpunga atajuaje hayo? Anachojua ni kwamba kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30. Anakumbuka mwaka 2017 serikali ilipofunga vituo 40 vilivyokuwa vinahudumia mashoga na makundi mengine kwenye mambo ya Ukimwi. Anakumbuka Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga, na hata Wizara ya Mambo ya Nje ilipokuja kusema yale ni maoni yake binafsi, Mzee alikuwa ameshachoma picha tatu na simu moja.

Basi kwenye benchi moja la kahawa wanaume waliogopa kidole kilekile kwa sababu zinazopingana, na wote wakachelewa.

Usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa. Tumbo likavimba kama ngoma. Binamu akamfunga na kanga kwenye bodaboda, yeye kwa nyuma amemshikilia, mpaka hospitali. Akawekewa mpira wa mkojo, na Mzee akalia kwa raha ya kupata haja ndogo. Baadaye damu ikapimwa, kile kipimo cha PSA, namba ikaja kubwa. Kidole nacho kikapita. Daktari hakujua lolote la siri yake, alisema tu tezi ni ngumu kama jiwe. Kinyama kikachukuliwa, kikapelekwa maabara. Majibu: saratani, na imeshaingia kwenye mifupa ya nyonga na mgongo.

Daktari alikuwa kijana, mpole, wala hakuwa na dharau hata kidogo. Alimweleza vizuri kwamba saratani hii inakula homoni ya kiume, kwa hiyo tiba ni kuinyima chakula. Njia ziko mbili: sindano ya homoni, kila miezi mitatu, bila kukosa na kwa gharama yake, au upasuaji mdogo wa mara moja wa kutoa korodani. Si tiba ya kubahatisha. Daktari Charles Huggins wa Chicago aliionyesha dunia njia hiyo mwaka 1941, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na mpaka leo mtu asiye na hela ya sindano anaitegemea.

Halafu yakaja maswali.

"Mama yupo, baba?"

"Tuliachana zamani."

"Watoto unao?"

"Ninaye mmoja, mkubwa."

"Basi mzee wangu, hapo huna cha kupoteza."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Nje kwenye benchi, Binamu alikuwa ameshika chupa ya uji na bahasha ya vipimo. Alikuja kuambiwa jioni, jambo likiwa limeshaamuliwa.

Ukitafuta mbaya kwenye stori hii hutampata yule daktari. Aliuliza kama alivyofundishwa: mke, watoto. Mtu asiye na mke na mwenye mtoto mkubwa, hesabu imefungwa. Wala hajui kwamba alimfanyia uamuzi mtu mwingine aliyekaa nje. Na Mzee angejibu nini? "Ninaye mwenza, yule pale mwenye chupa ya uji"? Kwa nchi nyingine hiyo ni taarifa ya kitabibu. Huku ni kukiri kosa.

Upasuaji ulienda salama. Maumivu ya mgongo yalipungua ndani ya wiki chache, ile PSA ikashuka, na kwa vipimo vya hospitali Mzee ni mgonjwa anayeendelea vizuri. Lakini kuendelea vizuri ni nini?

Joto lilianza kumpanda kifuani mpaka kichwani, jasho linalowesha shuka usiku wa kipupwe. Nguvu za mikono zikapungua, gunia alilokuwa anabeba peke yake likamshinda. Akanenepa kiunoni. Hamu ya mapenzi ikazimika kama taa ya Luku iliyoisha uniti, bila hata kumwaga. Na kifua kikaanza kuvimba. Hilo ndilo lililomvunja. Fikiria mtu aliyeishi miaka sitini akijifundisha kutembea, kucheka na kuvaa ili asiitwe jina lile, ambalo mtaani maana yake ni mwanaume aliyegeuka mwanamke, halafu leo dawa ya kumponya inamwotesha matiti. Akaanza kuvaa koti la baridi Ifakara, kwenye joto lile, mwezi wa kumi na mbili!

Akaanza pia kujifungia. Kile chumba cha pili, chenye chandarua kisichokunjuliwa, akakikunjua na kuhamia. Kwa mara ya kwanza tangu kitundikwe, mdodosaji wa malaria angepewa jibu la kweli.

"Nenda kaoe," akamwambia Binamu usiku mmoja. "Bado una nguvu. Mimi nimeshakuwa mwanamke."

"Nikuache na nani?"

"Na Mungu."

"Mungu hawezi kufua mashuka yako," Binamu akajibu, na hawakusemeshana siku nne.

Kuna mambo ambayo yangewasaidia, na yanajulikana, ila si rahisi kuyakuta kwenye kipeperushi cha Kiswahili. Hayatajwi kwa sababu ya mada yenyewe, basi. Kwa mwanaume anayepokea wakati wa tendo, tezi dume ni sehemu ya raha, kwa hiyo ikitolewa au ikipigwa mionzi anapoteza kitu ambacho mwenye mke hakipotezi kwa namna ileile. Kwa anayeingiza, kusimama nusu hakutoshi, panahitajika uimara zaidi. Mionzi ya nyonga inaweza kuacha vidonda na damu kwenye njia ya haja kubwa. Wataalamu wa Uingereza waliwahi kukaa pamoja wakakubaliana mambo ya kumwambia mgonjwa wa namna hii wazi: ajizuie kupokea kwa wiki moja kabla ya PSA ili namba isipande kwa uongo, wiki mbili baada ya kuchukuliwa kinyama kwa kupitia njia ya haja kubwa, wiki sita baada ya upasuaji wa kutoa tezi, na miezi miwili baada ya mionzi ya nje. Ni maneno ya dakika mbili. Lakini ili daktari ayaseme, lazima kwanza ajue anaongea na nani.

Utafiti upo pia. Mwaka 2016 Profesa Jane Ussher wa Australia na wenzake walilinganisha wanaume 124 mashoga na wanaopenda jinsia zote mbili na wengine 225 wanaopenda wanawake, wote wakiwa wameugua saratani ya tezi dume. Kundi la kwanza lilikuwa na hali duni zaidi ya maisha, msongo mkubwa zaidi, na halikuridhika sana na matibabu. Hiyo ni sehemu ambayo mtu anaweza kumwambia daktari wake anaishi na mwanaume mwenzake na daktari akaandika tu kwenye faili. Sasa pima Kilombero.

Na hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Profesa Simon Rosser wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliyeongoza utafiti mkubwa kuhusu mashoga waliotibiwa saratani ya tezi dume, ndiye huyohuyo aliyeshirikiana na wataalamu wa Muhimbili kutengeneza mafunzo ya afya ya ngono kwa wanafunzi wa uuguzi, ukunga na udaktari Tanzania. Kwa maneno mengine, elimu haiko mbali kama inavyodhaniwa. Ipo kwenye madarasa ya Upanga. Kufika kwenye chumba cha daktari wa bondeni ndiyo safari nyingine.

Haya, turudi kwenye ile nyumba. Kilichomrudisha Mzee kwenye chumba chake hakikuwa mahubiri wala dawa. Alianguka usiku akienda chooni, akakaa chini kwenye sakafu mpaka alfajiri kwa sababu hakutaka kumwita mtu ambaye hasemi naye. Binamu alipomkuta hakuuliza chochote. Akamwinua, akamwogesha, kifua kile na yote, akamvalisha, na jioni akahamisha godoro. Wakalala chumba kimoja, mlango wazi.

Mlango wazi! Miaka ishirini na moja ulikuwa unafungwa kwa komeo. Sasa jirani anaingia na bakuli la ndizi, anamkuta Binamu anamkanda Mzee miguu kitandani, anasema "shikamoo, mnaendeleaje," anaweka bakuli, anaondoka. Hakuna jicho la pili. Mgonjwa anahudumiwa, kuna ubaya gani? Mwanaume kumwogesha mwanaume, kumlisha kwa kijiko, kulala miguuni pake, vyote hivyo jana vilikuwa miaka 30, leo ni utu. Mama mmoja wa jumuiya, mwenye ulimi ambao mtaa mzima unauogopa, alimshika Binamu mkono mbele za watu akasema, "Kaka, ndugu wa siku hizi hawako hivi. Mungu atakulipa." Binamu akasema amina.

Ilipobidi waende Ocean Road, Dar, kupigwa mionzi ya kutuliza mgongo, walipanda basi usiku pamoja. Pale mapokezi sauti iliita, kama inavyoita kwa kila mtu: "Ndugu wa mgonjwa yuko wapi?"

"Nipo," Binamu akasema.

Anayejua stori yao anasema Mzee alirudia neno hilo njia nzima ya kurudi, kupita Mikumi, kupita Kidatu, mpaka wanaona mashamba. "Ulisema nipo." Binamu akamwambia ulitaka niseme nini, nilikuwa nipo.

Sasa ndiyo ugumu wa kuipima hali ya maisha kwa namba unapoonekana. Madodoso ya wagonjwa wa saratani yanauliza mkojo unavuja mara ngapi, haja kubwa ikoje, nguvu za kiume, usingizi, huzuni. Kwenye karibu yote Mzee angefeli. Mkojo unavuja, anavaa vitambaa vinavyofuliwa usiku ili visionekane kwenye kamba. Nguvu za kiume hakuna na hazirudi. Huzuni ipo, hasa asubuhi. Lakini hakuna dodoso linalouliza kama siku hizi mnaweza kukaa barazani pamoja saa kumi jioni bila kuachiana nafasi ya mtu wa tatu katikati. Hilo wamelipata. Wamelipata kwa bei mbaya mno, na hakuna sababu ya kuipamba bei hiyo. Nchi iliwanyima wakiwa wazima kile ilichowapa mmoja alipokuwa anakufa.

Maana anakufa, polepole. Saratani iliyofika kwenye mifupa inatulizwa, haiondoki, na ikishazoea kuishi bila homoni inarudi. Mzee anajua. Binti wa Morogoro anajua pia. Alikuja mara mbili, akamwita Binamu "baba mdogo", akamwachia hela ya dawa. Hajauliza kitu. Labda anajua, labda ana ile adabu ya baba yake.

Kinachomnyima Mzee usingizi siku hizi ni arobaini yake mwenyewe. Ameshaiona kwa wengine: ukoo unashuka kutoka Mahenge, kikao kinakaa, mali zinatajwa moja moja, na mtu aliyemfunga marehemu nepi anaonekana kama mgeni aliyekawia kuondoka. Mke anayo angalau pa kusimama na kudai. Binamu atadai kama nani? Alifikiria wosia, akaogopa mstari mmoja tu: uhusiano wa mtajwa na mwenye wosia.

Kwa hiyo mwezi uliopita wakafanya kitu cha kawaida kabisa bondeni. Wakavuka daraja wote wawili, Mzee kwenye bajaji na mto wa kukalia, mpaka ofisi ya kijiji lilipo shamba. Mzee akamuuzia Binamu shamba lile la dungu. Hati ya mauziano, mashahidi wawili, muhuri wa kijiji. Mwenyekiti akauliza kama hela imeshalipwa, Mzee akasema imeshalipwa yote. Akauliza tena, kwa utaratibu, imelipwa kwa mkupuo au kwa awamu?

"Kwa awamu," Mzee akasema. Mwenyekiti akaandika.

Nyumba ya mjini itaenda kwa binti, hilo Binamu mwenyewe ndiye aliyelisema. Mvua za mwaka huu zikianza atakwenda shamba peke yake kwa mara ya kwanza, na kuna ubishi ndani ya nyumba ile kila jioni, kwa sababu Mzee anataka abebwe apelekwe na yeye, akae tu dunguni na debe lake la kufukuzia ndege, na Binamu anasema kliniki iko mbali na usiku kule kuna baridi. Mpaka sasa hakuna aliyeshinda. Chandarua kimeshafuliwa.